Editha na Mlima Uliopinduliwa

Editha alizaliwa njiani. Mama yake alikuwa akishuka kutoka Kisosa kwenda gulio la Mkuyuni, mkungu wa ndizi kichwani na mimba tumboni, na walipofika tuo la tatu mtoto akaona hana sababu ya kuendelea kungoja. Akatoka. Mama mtu hakuutua mkungu. Wenzake walimpokea mtoto, wakamfunga khanga, wakashuka naye, ndizi zikauzwa, na jioni wakapanda na kitoto cha kike kilichokwisha kuona soko kabla ya kuona nyumba yao. Asiyeamini apande Kisosa akaulize. Atakaowakuta wanabisha ni wale ambao siku hiyo walikuwa hawajazaliwa.

Waishio tambarare hawajui tuo ni nini, basi waelezwe. Njia ya Kisosa imesimama kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Mbuzi wa huko wana miguu ya mbele mifupi kuliko ya nyuma, na wakitaka kushuka huteremka kinyumenyume. Katika njia hiyo kuna mahali sita pa kutulia mizigo, na kila mahali pana jiwe lililofika usawa wa kichwa, ili mwenye mkungu auteleze pale bila kuinama na bila kumwomba mtu msaada. Hayo ndiyo matuo. Mtu wa Kisosa hakutajii saa wala kilomita. Anakwambia, fulani nimemwacha tuo la nne, nawe unajua papo hapo fulani amechoka kiasi gani.

Alipokuwa darasa la nne, mwalimu alitundika ramani ya nchi ukutani. Editha akaomba aonyeshwe mlima wao. Mwalimu akaweka kidole kwenye doa la kahawia, chini ya nukta ya Morogoro mjini. Mtoto akatazama, akatazama tena, akauliza mji umepataje kukaa juu ya mlima, na maji ya bomba ya huko mjini yanapanda kwa ngazi ipi. Darasa zima likacheka. Mwalimu akamtoa nje akafyeke majani. Huko nje Editha akaokota kijiti, akachora mlima wake kwenye vumbi: kilele juu, masoko chini, maji yakishuka kama maji yenye akili zake. Tangu siku hiyo hakuacha kuchora.

Alimaliza la saba, akalima, akaolewa, akaachika. Mume alitaka mke wa kukaa, akapata mke wa kuuliza njia. Kila alipokwenda, kabla hajaulizwa habari za safari, yeye ndiye aliyekuwa anauliza: maji ya kwenu yanakwenda wapi? Watu walidhani ni mtu wa idara ya maji, wengine wakamletea malalamiko ya bomba. Lakini Editha alikuwa anaandika riwaya, na alikuwa na imani yake kwamba huwezi kumwandika mtu vizuri kama hujui kijito cha mlangoni kwake kinakoishia.

Alikuwa na utaratibu. Mahali alipotaka kupaandika, kwanza alikwenda kupafanyia kazi. Turiani alipandikiza mpunga msimu mzima, miguu ikabadilika rangi, kisha akapalilia miwa. Miwa ya mwaka ule ilirefuka mpaka kunguru wa upande huu wa shamba wakawa hawafahamiani na kunguru wa upande ule. Akarudi na kaunta buku moja iliyojaa. Msamvu aliuza mayai ya kuchemsha stendi kwa miezi saba, si kwa ajili ya mayai, ila kwa sababu pale abiria wa nchi nzima hupita mbele yako wakiwa wamekaa, na mtu aliyekaa dirishani na njaa hujibu swali lolote. Bwana mmoja wa Dodoma alimjibu kwamba maji ya kwao hayaendi popote, yanakauka tu. Editha akampa yai la bure na kumtia kwenye sura ya pili.

Hivyo ndivyo miaka ishirini na miwili ilivyokwenda. Riwaya saba ziliandikwa, zikakaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na panya wa Kisosa wakawa panya waliosoma kuliko wote wilayani.

Ya nane ndiyo iliyoleta mambo. Iliitwa *Walioachana Mlimani*. Ni habari za dada wawili waliogombana kileleni kwa sababu ya chungu, kila mmoja akaapa kutomwona mwenzake tena. Mkubwa akafuata maji yanayoteremka upande wa mjini na kuingia Ngerengere. Mdogo akafuata maji ya upande wa Mkuyuni. Wote wawili hawakujua jambo ambalo Editha alilijua kwa nyayo zake mwenyewe, maana mito yote miwili alikuwa ameifuata kwa miguu, kiangazi hiki mmoja na kiangazi kilichofuata wa pili: maji hayo yaliyoachana mlimani yanakuja kukutana tena ndani ya Ruvu. Je, na dada nao? Hapo ndipo watu walipokuwa wanakosa usingizi.

Riwaya hii aliiandika kwa kipimo cha njia. Sura sita, kwa matuo sita. Wanawake waliporudi kutoka gulioni walitua mizigo tuo la kwanza, na Chausiku, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde na miwani ya kioo kimoja, akawasomea sura ya kwanza. Kila sura ilikatika pabaya. Wakisikia imekatika, wanawake walijitwika mizigo yao na kupanda mbio ili wakaisikie inayofuata. Mama mmoja aliyekuwa anachukua saa nne kufika nyumbani alianza kuchukua saa moja na nusu, mumewe akafumwa anakula nyama peke yake. Mzee mwingine ambaye hakuwa ameshuka mlimani tangu magoti yalipomgomea alishuka mpaka tuo la tatu, akakataa kurudishwa.

Ndipo Chausiku akasema kitabu hiki kichapwe, maana daftari lilikuwa linakwisha kwa kushikwashikwa na mikono yenye utomvu wa ndizi.

Mjini Morogoro kulikuwa na Mzee Kishor, mwenye duka la steshenari na mashine ya kuchapia kadi za harusi. Baba yake alizaliwa pale pale dukani, yeye akazaliwa pale pale, na kwa miaka sitini na nane alikuwa akifungua mlango kila asubuhi na kuutazama Uluguru usoni, bila kuupanda hata siku moja. Mkwewe Ruchi ndiye aliyeshika kompyuta. Editha aliwaamkia, akaweka mezani kaunta buku na ramani, akaomba asomewe tu, hata kama hakuna kuchapwa.

Kishor alisoma siku tatu. Chai ikapoa mbele yake, wateja wa kadi wakaondoka bila kadi. Siku ya nne akamwita Editha, akamwambia kwamba atakichapa kwa gharama ya duka, na wagawane kitakachopatikana. Kisha akashusha sauti kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

"Dada Editha, hapa sura zimefika tano. Ya sita iko wapi?"

Editha akamjibu kwamba ya sita husomwa tuo la sita, ndivyo kilivyoandikwa, na haijawahi kushuka. Mzee akaguna. Ruchi, aliyekuwa amechapa yote kwenye kompyuta mpaka vidole vikamuuma, akaguna zaidi.

Ugomvi ulikuja kwa upande wa ramani. Editha alikuwa ameichora kama alivyoichora vumbini: mlima juu, maji mawili yakishuka kama miguu miwili ya mtu aliyesimama, Mkuyuni kwenye unyayo wa kushoto, mji kwenye unyayo wa kulia. Kishor, ambaye jiografia alipasi shuleni na bado alikuwa na cheti, alikuwa amemwagiza Ruchi aigeuze. Kaskazini lazima ikae juu. Mji ukapanda kichwani, mlima ukaangukia chini.

Editha aliishika karatasi ile kama mtu aliyeletewa picha ya mama yake amesimamia kichwa.

"Mzee wangu," akasema, "umeupindua mlima. Sasa haya maji yanapanda kwenda mjini kwa miguu?"

Kishor akaeleza kwa upole kwamba ramani zote duniani ziko hivyo, kwamba kitabu kitafika kwa walimu na maofisa, na watakaoona kaskazini iko chini watawacheka wote wawili. Editha akasema huko Kisosa watu wanajua pande mbili tu, juu na chini, na kila kitu wanachokihitaji kiko katika hizo mbili. Wakabishana mpaka adhana. Mwishowe Kishor akafika ukomo. Kuanzia wiki ijayo mashine ina kalenda na kadi mpaka mwaka uishe, akasema. Ama kitabu kichapwe na ramani iliyo sawa, ama kirudi sandukuni.

Miaka ishirini na miwili, na panya wanangoja. Editha akatafakari, kisha akatoa neno ambalo lilimshangaza hata yeye mwenyewe. Kesho kutwa ni siku ya gulio. Mzee aje Mkuyuni na ramani yake, apande Kisosa bila kumuuliza mtu njia, na Editha hatafungua mdomo. Akifika kwa ramani yake, kaskazini ikae juu mpaka siku ya kiama. Asipofika, mlima usimame. Na akifika, vyovyote vile, atasomewa sura ya sita.

Kishor alikuwa na presha na viatu vya ngozi. Lakini sura ya sita ilikuwa imemnyima usingizi siku nne. Akakubali.

Siku hiyo wanawake wa Kisosa walikuwa wamekwisha kuuza, wakamkuta anangoja penye mananasi ya muuzaji mmoja, Fransisko, ramani mkononi, kofia kichwani, Ruchi nyuma yake na chupa ya maji. Chausiku akamzunguka kama mtu anayekagua ng'ombe wa mnadani. Akampa shikamoo, kisha akamuuliza kama hivyo viatu vimekuja kwenye harusi, na kama amewaaga watoto vizuri. Kishor akasema ameaga. Chausiku akasema basi hakuna deni, twende.

Tuo la kwanza walifika pamoja, na sura ya kwanza ikasomwa. Kishor aliijua kwa moyo, akawa anatikisa kichwa kabla Chausiku hajafika penyewe. Tuo la pili ni njiapanda. Njia moja inapanda wima kama imekasirika. Nyingine inakwenda kushoto, nyororo, inateremka kidogo kwenye migomba. Mzee akafungua ramani iliyogeuzwa. Pale Kisosa ilikuwa upande wa kushoto wa Mkuyuni, tena chini kidogo. Akaitazama karatasi, akaitazama njia: kushoto, chini kidogo. Akapiga kofi karatasi kwa furaha na kushika njia ya migomba.

Wanawake kumi na mmoja waliufunga mdomo kwa pamoja, jambo ambalo huko Kisosa halijapata kutokea kabla wala baada. Ruchi alimtazama mkwewe anavyopotelea kwenye majani, akamtazama Editha, kisha akageukia njia ya wima na kusema yeye anangoja sura ya tatu.

Editha, kwa mawazo, hakuisikia hiyo sura ya tatu, ingawa ndiyo ya mahali alipozaliwa. Alijua ile njia ya migomba inakwenda wapi. Inazunguka kijito, inashuka, inazunguka tena, na mwisho wake inakutema pale pale gulioni ulipoanzia. Walipofika tuo la nne, na jua likaanza kuegemea, akaanza kuhesabu mambo. Mtu mzima, mwenye presha, katika migomba. Atatoka gulioni na tope mpaka magotini, watu wamcheke, apande gari arudi mjini na hasira zake. Jumatatu mashine itaanza kalenda. Na yote haya kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya mshale wa kaskazini. Kwani kaskazini ikikaa juu, mlima utakufa? Nani atasoma riwaya ya nane ikiwa sandukuni, iwe ramani imesimama au imelala?

Akawaambia wenzake wamngoje, asipande mtu hata hatua moja, na sura ya tano isiguswe. Chausiku akamuuliza anakwenda wapi. Akasema amesahau kitu chini. Akashuka mbio, mdomoni ameshika maneno yake tayari: Mzee, nimeshindwa, geuza utakavyo, kitabu kichapwe tu. Alikuwa anayarudiarudia ili yasimkwame.

Alipofika tuo la tatu akasikia mtu anahema.

Alikuwa Kishor, anapanda. Kofia hakuna, kiatu kimoja kimefunguka mdomo, tope limefika mpaka kwenye mfuko wa shati. Mkononi ameshika karatasi mbele ya uso wake, wima, kama mtu anayebeba kioo, na kila akipiga hatua kidole chake kinapanda kidogo kwenye karatasi. Haikuwa ramani yake. Ilikuwa kopi ya ramani ya Editha.

Ikawa hivi, kama alivyosimulia mwenyewe kwa vituo vya kupumua. Njia ya migomba ilimtema gulioni, mbele ya Fransisko yule yule, ambaye alimuuliza kwa adabu kama amerudi kufuata nanasi alilosahau. Akakaa kwenye gogo kwa aibu, akakumbuka dawa zake za presha. Ruchi ndiye aliyezifunga asubuhi ile, na alikuwa amezifunga ndani ya karatasi. Kishor akakunjua karatasi ili apate kidonge, akakuta mlima umesimama. Akautazama ule wa kwenye karatasi, akainua macho akautazama ule wa Mungu. Ilikuwa kitu kimoja. Akanunua nanasi kwa heshima na kuanza upya.

"Nikipanda mimi, kidole kinapanda," akamwambia Editha. "Sasa hiyo ndiyo ramani. Ile yangu ilikuwa inanituma kushoto kama mwizi."

Editha akayameza yale maneno aliyokuja nayo. Mpaka leo Kishor hayajui, na anayeyajua asimwambie. Akamwambia tu kwamba amekuja kumpokea, maana tuo la tatu ni kwao, alizaliwa hapo. Kishor akalitazama jiwe, akalitolea salamu kama mtu anayetambulishwa kwa mama mkwe.

Kule juu wanawake walipiga vigelegele vilivyosikika Turiani, mpaka wavuna mpunga wakauliza nani kaolewa. Sura ya nne ikarudiwa kwa ajili ya mgeni, ya tano ikasomwa, na hapo ikawa si kupanda tena, ikawa ni mbio. Kishor alimpita Chausiku. Chausiku anakataa habari hiyo, lakini wapo walioona.

Tuo la sita ni mlangoni mwa kijiji. Editha akaingia ndani kwake, akatoka na daftari dogo, akalisoma mwenyewe, kwa kuwa sura hiyo hampi mtu. Dada mkubwa alikuwa amefika Ruvu amezeeka, akakuta mwanamke anateka maji kwa chungu. Chungu alikijua. Hakuuliza jina la mwenye nacho. Alikaa tu kando yake na kumuuliza: maji ya kwenu yanatoka wapi? Na yule mwingine, bila kugeuka, akanyoosha mkono kuelekea mlimani, akasema: yanatoka kwetu, nami imenichukua muda mrefu kukungoja.

Hakuna aliyepiga vigelegele hapo. Ruchi alikuwa anafuta miwani ambayo hakuwa ameivaa. Kishor alikaa juu ya nanasi lake bila kuhisi miiba. Kisha akasema, "Ruchi, kesho ugeuze. Mlima usimame."

"Nimekwisha kugeuza, baba," akajibu Ruchi. "Tangu juzi. Nilikuwa nangoja wewe ufike."

Kitabu kikachapwa kabla ya kalenda, na kalenda zilichelewa mpaka watu wakadhani mwaka mpya umeahirishwa. Jambo moja tu Kishor aliliomba, naye Editha akakubali kwa roho safi: mshale mdogo wa kaskazini kwenye kona ya ramani. Ulichorwa ukielekea chini, kulia, na mtu akiufuata vizuri unamfikisha mlangoni pa duka la Kishor. Nakala za kwanza zilipanda Kisosa kichwani mwa Chausiku, juu ya mzigo wake wa gulioni. Zilizofuata zikauzwa Msamvu na wauza mayai, kwa abiria wa madirishani. Panya wa sandukuni walibaki na riwaya saba, na hata hizo Ruchi amekwisha kuanza kuziingiza kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine.

Siku moja mwalimu wa jiografia, kijana aliyenyoosha shati, aliingia dukani na kitabu mkononi. Akamwambia Mzee Kishor kwa huruma kwamba kwenye ukurasa wa kwanza kumetokea kosa kubwa, ramani imepinduka. Editha alikuwepo, ameketi karibu na mashine, mkoba wa safari miguuni, njiani kwenda Kilombero kuanza ya tisa. Akafungua mdomo ili ajibu. Kishor akamzuia kwa mkono.

Akamkagua yule mwalimu taratibu, kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. Vilikuwa vya ngozi.

"Mwalimu," akasema, "nenda Mkuyuni siku ya gulio. Ramani yako ichukue, hakuna neno. Utapata mananasi mazuri sana. Utayapita mara mbili."